Bakteria Hawana Mkataba Nasi

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia damu inanichemka: "Usijali, itaoza tu ardhini." Nimeisikia kwa muuza duka la pembejeo, nimeisikia kwenye semina yenye chai na sambusa, nimeisikia kwa watu wenye shahada tatu. Inasemwa juu ya dawa ya kufukuza mbu, juu ya dawa ya kupulizia nyanya, juu ya magunia ya unga mweupe ambao hakuna anayekumbuka tena ulinunuliwa kwa kazi gani. Na kwa kuwa ninasoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia, na bakteria wa udongo ndio wanaonikosesha usingizi, watu hunigeukia niwathibitishie. Si ndiyo, dada? Si bakteria wanakula?

Wanakula. Lakini hawali kwa ajili yetu, hawali kila kitu, na mara nyingi hawamalizi walichoanza. Bakteria hakusaini mkataba wa usafi na mtu yeyote. Tumemfanya mfagizi wa bure, tukampa kazi ambayo hakuiomba, kisha tukajisahaulisha kwenda kuangalia kama imefanyika. Hii "itaoza" imekuwa kibali cha kutupa, na ninaandika kuipinga.

Nianze na mahali ambapo sentensi hiyo ina ukweli, ili nisionekane mwonevu. Chukua DEET, dawa iliyomo kwenye losheni na vipulizio vingi vya kufukuza mbu. Ilibuniwa kwa matumizi ya jeshi la Marekani mwaka 1946, ikaanza kuuzwa kwa raia mwaka 1957. Haikubuniwa kuua mbu. Inamvuruga asitue juu ya ngozi yako. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walimweleza bakteria wa jamii ya Pseudomonas putida, aina waliyoipa jina la DTB, ambaye anaweza kuishi akila DEET peke yake kama chanzo cha kaboni. Walimtoa kwenye tope la mtambo wa kusafisha majitaka, ingawa ndugu zake wamejaa kwenye udongo wa kila bustani.

Njia ya kumpata bakteria wa namna hii ni rahisi kueleza na ngumu kuvumilia. Unachukua tope au udongo, unautia kwenye chupa ya maji yenye chumvichumvi zote ambazo kiumbe huyo anahitaji, ila humpi chakula chenye kaboni isipokuwa dawa yenyewe. Kisha unangoja. Wengi wanakufa njaa. Akiwepo mmoja anayeweza kuila dawa, anazaana, na maji yanaanza kufanya ukungu. Unachota tone, unahamishia kwenye chupa mpya, unarudia. Nimefanya kazi hiyo kwa miezi, katika maabara ambayo umeme ukikatika mashine ya kutikisia chupa inasimama na viumbe vyote ndani vinakosa hewa. Chupa nyingi hazifanyi ukungu wowote. Zinabaki angavu kama maji ya kunywa, na dawa imo ndani, imetulia.

DTB ana kimeng'enya kinachoikata DEET vipande viwili. Kipande kimoja, methilibenzoeti, anaendelea kukivunja hatua kwa hatua mpaka anapata kaboni na nguvu ya kuishi. Kipande cha pili, dayethilamini, katika jaribio lile hakukigusa. Alikiacha kama mlaji anavyoacha mfupa mezani. Huenda akaja bakteria mwingine mwenye meno ya kuutafuna mfupa huo, huenda asije. Hapo neno "kuoza" limeshaanza kuyumba, na bado tuko kwenye mfano mzuri kuliko yote.

Ni mfano mzuri kwa sababu DEET ina mahali pa kukatikia. Kati ya kaboni na naitrojeni yake kuna kiungo kinachofanana na viungo vilivyomo ndani ya protini, na bakteria wamekuwa wakikata protini tangu kabla ya kuwepo jani, samaki au binadamu. Kufuli ni jipya ila linafanana na la zamani, kwa hiyo ufunguo wa zamani ukichongwa kidogo unaingia. Hata hivyo, Idara ya Jiolojia ya Marekani ilipopima maji ya vijito na mito 139 katika miaka ya 1999 na 2000, DEET ilikuwa miongoni mwa kemikali zilizopatikana mara nyingi zaidi. Bakteria wanakula, sisi tunamimina. Sahani haiwezi kuisha ikiwa mpakuaji hapumziki.

Sasa twende kwenye DDT, ambako sentensi ile inageuka uongo. Wengi wanaijua DDT kama muuaji wa mbu, lakini pia inawafukuza: mbu wengi huikwepa nyumba iliyopulizwa au hutoka mapema kabla ya kuuma. Paul Müller wa Uswisi aligundua nguvu zake dhidi ya wadudu mwaka 1939 na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1948. Sifa mojawapo iliyoipa DDT umaarufu ndiyo hiyohiyo inayotutesa leo, yaani inadumu. Molekyuli yake ina atomi tano za klorini, na imejengwa kwa namna ambayo bakteria wa kawaida hawakuwahi kukutana nayo.

Ikifika ardhini, DDT haikai hivyohivyo milele. Kwenye udongo wenye hewa inaweza kupoteza haidrojeni moja na klorini moja, ikawa DDE. Kwenye tope lisilo na hewa klorini moja hung'oka na nafasi yake kuchukuliwa na haidrojeni, ikawa DDD. Baada ya hapo mwendo unakuwa wa kinyonga. DDE hasa ni sugu, na ndiyo iliyohusishwa na mayai ya ndege wawindaji kuwa na maganda membamba yanayovunjika kabla ya kifaranga kutoka. Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti inayosema DDT imepungua, muulize swali moja kabla hujampigia makofi. Je, alipima na DDE? Mwizi aliyebadili shati hajatoka mtaani.

Wapo bakteria wanaoweza kuisogeza DDT mbele zaidi, na wenzangu wa fani hii wanawasifu sana kwenye machapisho. Lakini wengi wao huivunja kwa bahati tu, wakiwa wanakula kitu kingine. Kimeng'enya walichokitengeneza kwa chakula chao kinaiparuza DDT njiani, na wao hawapati kaboni wala nguvu kutokana nayo. Ni kibarua asiye na mshahara. Chakula chake halisi kikiisha, na kazi inaisha. Wala hana sababu ya kuzaana kwa ajili ya sumu yako.

Na kwenye joto letu kuna mtego mwingine. DDT hutoweka haraka zaidi kwenye udongo wa nchi za joto kuliko wa nchi za baridi, na wapo wanaolitumia jambo hili kama faraja. Wanasahau kwamba sehemu kubwa ya inayotoweka inapanda hewani kama mvuke, inasafiri, na kushuka kwenye baridi. Ndiyo maana mabaki ya DDT yamekutwa kwenye miili ya wanyama wa Aktiki, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupuliza mbu wa malaria. Kutoweka kwenye shamba lako si sawa na kuisha duniani.

Kama unaona ninazungumzia mambo ya mbali, twende Kibaha. Kwenye shamba la Vikuge, mkoani Pwani, katika miaka ya 1980 kulifikishwa shehena ya viuatilifu iliyotoka nje kama msaada, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na wakati. Ilihifadhiwa kwenye banda, na banda likaanguka. Baadaye mabaki yanayoonekana kwa macho yaliondolewa. Watu wengi wangeishia hapo, wapige picha, waondoke. Lakini watafiti walirudi kupima, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Udongo wa juu ulikuwa na jumla ya DDT na mabaki yake hadi asilimia 28. Rudia kusoma namba hiyo. Si sehemu 28 kwa milioni, ambazo zingetosha kutupa wasiwasi. Ni zaidi ya robo ya uzito wa udongo. Jamii ya dawa iitwayo HCH ilifika asilimia 6. Sumu ilikutwa hadi kina cha sentimita 50, na ilikutwa pia kwenye maji ya visima na maji ya juu ya ardhi. Watafiti wakaandika wazi kwamba udongo uliobaki wenyewe ni taka hatari.

Bakteria walikuwa wapi miaka yote hiyo? Walikuwa palepale. Udongo hauwi na uhaba wa bakteria. Kwenye gramu moja ya udongo wenye afya unaweza kuwahesabu kwa mamia ya milioni. Lakini udongo ambao robo yake ni DDT si chakula kwao. Dawa ile haiyeyuki vizuri kwenye maji, na bakteria hula kile kinachomfikia kupitia maji. Imegandamana na chembe za udongo na imechanganyika na sumu nyingine kumi na kitu. Kumwambia bakteria asafishe Vikuge ni kumkabidhi mtu kijiko na kumwonyesha Mlima Uluguru.

Hapo ndipo wenzangu wenye matumaini huinua mkono. Wananiambia bakteria hujifunza. Ni kweli, na ndilo jambo zuri kuliko yote niliyoyasoma katika fani hii. HCH iliingia mashambani miaka ya 1940. Miongo michache baadaye, nchini Japani na India, walipatikana bakteria wa jamii ya Sphingobium wenye mlolongo mzima wa vimeng'enya vya kuivunja lindane, ambayo ni moja ya maumbo ya HCH. Viumbe visivyoonekana kwa macho viliunganisha vipande vya jeni na kupata mlo ambao haukuwepo mashambani wakati bibi yangu anazaliwa. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilitoka nje ya maktaba nikatembea kidogo.

Lakini tazama masharti yake. Ilichukua miongo. Walipatikana mahali palipomiminiwa dawa hiyo mara kwa mara. Na umbo jingine la HCH, linaloitwa beta, linabaki kuwa gumu mno kuvunjwa. Bakteria hujifunza kwa muda wao, na muda wao haufuati kalenda ya mtoto anayechota maji kisimani wiki hii. Ama wale wanaouza bakteria kwenye chupa, eti umwagie tu shambani sumu iishe, wanapaswa kwanza watuonyeshe vipimo vya kabla na baada. Mgeni anayetoka kwenye chupa ya maabara huingia kwenye udongo wenye wenyeji wenye njaa, na mara nyingi wenyeji humshinda. Kuwapa wenyeji mboji, unyevu na hewa wakati mwingine husaidia zaidi, na hilo nalo linahitaji kupimwa.

Kuna kundi jingine linalonijibu kwa neno "asili". Tutumie pareto, wanasema, ni ua tu. Naipenda pareto. Inalimwa kwenye nyanda zetu za juu na nyanda za juu za Kenya, imesomesha watoto wengi, na sumu yake hudhoofika haraka ikipigwa na jua. Lakini soko lilifanya nini na sifa hiyo? Liliiita udhaifu. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake kule Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, ndugu wa pareto aliyetengenezwa kiwandani na kupewa klorini ili astahimili mwanga wa jua. Leo permethrini na ndugu zake wamo kwenye vyandarua. Mimi mwenyewe nalala ndani ya chandarua chenye dawa na sitakwambia uache. Kinaokoa maisha. Ninachosema ni kwamba tunalipia udumifu. Tunasifu dawa inayodumu kwenye uzi, inayostahimili kufuliwa, kisha chandarua kikichakaa tunataka dawa hiyohiyo ipotee siku tunayokitupa. Kwenye udongo bakteria huikata permethrini ndani ya wiki kadhaa, na baadhi ya vipande vinavyobaki vinaweza kuwadumaza bakteria wenyewe. Kwenye maji ni balaa kwa samaki. Mtu anayefanya chandarua cha zamani kuwa wavu wa kuvulia dagaa hatangoji hizo wiki kadhaa.

Hata pale bakteria wanapokula vizuri kupita kiasi, hawafanyi hivyo kwa faida yetu. Kuna viuatilifu, karbofurani ni mmoja wao, ambavyo vikitiwa kwenye shamba lilelile msimu hadi msimu huwazoesha bakteria. Wanaoweza kuila wanaongezeka, na dawa inakwisha ardhini kabla haijamgusa mdudu. Jambo hili liliwashangaza wakulima wa mahindi wa Marekani miaka mingi iliyopita. Mkulima akiona dawa haifanyi kazi huambiwa wadudu wamekuwa sugu, naye huongeza kipimo. Anakuwa ananunua chakula cha bakteria kwa bei ya dawa. Bila maabara ya kumpimia udongo, atajuaje?

Swali hilo linanirudisha kwa shangazi yangu, anayelima nyanya na mchicha bondeni. Yeye hufukia chupa tupu za dawa kwenye pembe ya shamba, karibu na mgomba. Nilipomweleza habari za mabaki alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye khanga, akaniuliza, "Sasa mwanangu, nizitupe wapi?"

Ndilo swali lenye akili kuliko yote niliyoulizwa tangu nianze shahada hii, na mtu wa kulijibu si shangazi. Akichoma, moshi unaingia kifuani mwake. Akitupa mtoni, anamuua samaki wa jirani. Akiacha wazi, mtoto atatekea maji ya kunywa. Amechagua ardhi kwa sababu ndiyo pekee isiyokataa. Kwa hiyo hasira yangu haimlengi mtu wa jembe. Inawalenga waliomwuzia chupa wakaondoka, na wale wanaoketi kwenye semina wakiita ukimya wa udongo ushahidi wa usalama.

Nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

La kwanza, lebo iseme dawa inageuka kuwa nini, kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo shangazi anayaelewa. Maneno "rafiki wa mazingira" yafutwe mpaka mwuzaji aeleze ni rafiki wa nani, kwenye udongo gani, na baada ya siku ngapi.

La pili, vipimo vifanyike kwenye udongo wetu. Mwongozo wa kimataifa unaotumika sana kupima uvunjikaji wa kemikali kwenye udongo unataka jaribio lifanyike kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi. Nani amewahi kuona shamba la Kilosa au Kibaha likiwa nyuzi 20 mchana wa Januari? Udongo mwekundu wenye tindikali, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, mchanga wa pwani, kila mmoja una bakteria wake na ratiba yake. Kuna vijana kwenye vyuo vyetu wanaotafuta mada za tasnifu. Wapewe hii, na wapewe na jenereta.

La tatu, anayeleta chupa nchini awe na wajibu wa kuipokea ikirudi tupu, na dawa iliyopitwa na wakati isipokelewe bandarini hata ikiwa imefungwa utepe wa msaada. Vikuge ilianza kama zawadi.

La nne, usafishaji wowote usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka udongo na visima vipimwe tena baada ya mwaka, baada ya miaka mitano, baada ya kumi. Na mabaki ya mabaki yapimwe, si jina la kwanza peke yake. Wakazi wasomewe majibu hayo kwenye mkutano wa kijiji, si kuachiwa kwenye jarida ambalo makala yake moja huuzwa kwa dola.

Wewe unayesoma hii kwenye simu, huenda huna shamba. Lakini una mdomo, na siku moja utakuwa kwenye ofisi, kwenye gari au kwenye kikao ambapo mtu atasema "itaoza tu". Usimwache apite. Muulize: na nani? Kwa muda gani? Iwe nini? Akijibu maswali hayo matatu kwa vipimo, mpe heshima yake. Akishindwa, basi hajui lolote kuhusu bakteria. Anajua tu kwamba udongo hauna mdomo wa kumkanusha.